Kumwachisha mtoto nyonyo: mchana kwanza, usiku baadaye

Kabla hujaificha nyonyo, yaani ile chuchu bandia ya kumtuliza mtoto, chukua karatasi na kalamu. Kwa siku mbili mfululizo, kila nyonyo inapoingia mdomoni mwa mtoto, andika saa, aliyempa, na kilichokuwa kikiendelea dakika tano kabla. Dada wa kazi naye akueleze zake jioni, na umuulize kwa upole, maana akiogopa atakuficha. Karatasi hiyo itakuonyesha jambo ambalo wazazi wengi hawalitegemei: mara nyingi mtoto hakuiomba, alipewa. Alipewa kwa sababu simu imeita, mboga inaungua, mgeni amepiga hodi, au abiria wa daladala wamegeuka kumtazama mama mwenye mtoto anayelia. Mara hizo unaweza kuziondoa kesho asubuhi na mtoto asitoe hata chozi.

Ninayoisema hapa ni ile chuchu ya mpira au silikoni isiyotoa maziwa, yenye kisahani cha plastiki mbele na kipete cha kushikia. Mtaani ni nyonyo, kliniki utasikia chuchu bandia. Inamfanyia mtoto kazi nne: inamlaza, inamtuliza akiumia au akiogopa, inamzuga akiwa hana la kufanya, na inamsahaulisha njaa. Ukiiondoa bila kujua inafanya kazi ipi, mtoto atajitafutia mbadala wake mwenyewe, na mara nyingi huo ni kidole gumba. Nyonyo unaweza kuitupa. Kidole gumba kinakwenda naye shule. Kwa hiyo mbele ya kila saa uliyoandika, weka neno moja: usingizi, maumivu, uchovu wa kukaa, njaa.

Kwenye njaa hakuna cha kusubiri. Kama mtoto ana umri chini ya miezi 6, fungua kadi ya kliniki utazame mstari wa uzito. Ukiwa umelala au unashuka, na mtoto anashinda na nyonyo mdomoni, basi inaficha dalili zake za kutaka ziwa. Itoe leo, mnyonyeshe mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na umrudishe kliniki akapimwe. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika hatua 10 za unyonyeshaji za mwaka 1989, walisema wazi kwamba mtoto anayenyonya asipewe chuchu bandia. Mwaka 2018 hatua hiyo ililegezwa: sasa mama anatakiwa aelezwe matumizi na hatari zake, kisha aamue. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanashauri mtoto mchanga apewe wakati wa kulala, unyonyeshaji ukishaimarika, kwa kuwa imeonekana kupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kwa hiyo mama aliyempa mwanawe nyonyo hana kosa la kusutwa nalo. Suala ni lini itoke, na itoke vipi.

Umri ndio unaoamua njia. Kati ya miezi 6 na 9 kazi ni nyepesi kuliko wakati mwingine wowote. Hamu ya kunyonya aliyozaliwa nayo imepungua, ameanza kula, na kumbukumbu yake ya kitu kisichoonekana bado ni changa: kikitoka machoni, mara nyingi kimetoka na moyoni. Karibu na miezi 9 hilo linabadilika. Anajua kwamba kitu kilichofunikwa na kanga bado kipo chini yake, na ataitafuta nyonyo yake kwa bidii. Kuanzia miezi 6 pia, watoto wanaoitumia sana huugua sikio la kati mara nyingi zaidi. Na mtoto anayetambaa anaiburuza sakafuni, uani na mlangoni penye viatu, kisha anairudisha mdomoni. Kuharisha kunaweza kuanzia hapo. Inasikitisha kwamba mtoto huyo anayeharisha, kwenye baadhi ya familia, huambiwa ana "meno ya plastiki" na kupelekwa kwa mtu akamchokonoe fizi. Hakuna ugonjwa huo. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno yake halisi.

Miezi 10 hadi 18 ni kipindi kigumu. Anaogopa kuachwa, meno yanachomoza, anajifunza kutembea. Katika umri huu ondoa ya mchana tu, ya usiku iache hadi atulie. Baada ya miezi 18 anaanza kuelewa maneno, na hapo unaweza kufanya naye mpango. Ikifika miaka 3, usiendelee kusogeza siku. Nyonyo inayokaa mdomoni kwa miaka husukuma meno ya mbele mpaka ya juu na ya chini yasikutane, na hubana taya la juu hadi meno ya pembeni yang'atane kinyume. Mwambie mtoto aume meno, kisha uinue mdomo wake utazame: ukiuona ulimi kupitia uwazi wa mbele, madhara yameanza. Akiachishwa mapema uwazi huo mara nyingi hujifunga wenyewe kwa muda wa miezi. Taya lililobana ni sugu zaidi, na linahitaji daktari wa meno alitazame kabla meno ya ukubwani hayajaanza kuota, karibu na miaka 6.

Sasa mchana. Kusanya nyonyo zote za nyumbani: chini ya godoro, nyuma ya makochi, kwenye mkoba wa mtoto, kwenye begi la dada, kwa bibi. Baki na moja, au mbili kama unahitaji ya kuchemsha. Ikiwa ina kamba ya kuning'iniza shingoni, kata kamba hiyo leo hii, hata kama huna mpango wa kumwachisha, maana imewahi kunyonga watoto. Ivute chuchu pande zote kwa nguvu. Ikionyesha ufa au kulegea, itupe, isije ikakatika mdomoni. Iliyobaki iweke kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati la chumba cha kulala.

Kisha weka sheria moja: nyonyo haitoki kitandani. Siku 3 za kwanza iondoe kwenye michezo na uani. Siku 3 zinazofuata iondoe kwenye safari, kanisani au msikitini, na kwa wageni. Kufikia siku ya 7 ibaki ya usingizi tu. Mtoto mwenye zaidi ya mwaka na nusu akiitaka mchana, usimkatalie wala usimkaripie. Mpeleke kitandani, mpe akiwa amelala, ukae naye. Watoto wengi hukaa dakika mbili tatu, wakisikia wenzao wanacheka nje wanaiacha wenyewe na kutoka. Anayeng'ang'ania kubaki kitandani anakueleza kitu: amechoka, au anaumwa.

Mahali pa nyonyo weka kitu cha kufaa. Kwa fizi zinazowasha, mpe kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya baridi yaliyochemshwa, au pete ya mpira ya kutafuna. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea, kikombe cha maji kinafaa, na kunywa kwa mrija kunaushughulisha mdomo vizuri. Usimpe karanga, bisi, wala vipande vya karoti mbichi ili atafune, vinamkaba mtoto. Kwa uchovu wa kukaa, mikono ndiyo ishughulike: vibanio vya nguo vya kutumbukiza kwenye kopo, masufuria mawili na mwiko, vikombe kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili huku mtu mzima amekaa hapo hapo. Saa ngumu ni kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, mama anapopika na mtoto amechoka. Sogeza kuoga kwake kwenye saa hiyo, au mfunge mgongoni kwa kanga ukiwa mbali na moto. Nyumba zinazoshindwa mchana hushindwa kwenye saa hizo mbili.

Usiku ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo inayowakatisha wengi tamaa kwa sababu hawajaambiwa kinachoendelea. Usingizi wa mtoto mdogo unakwenda kwa mizunguko ya takriban saa moja. Mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka, anajigusa, anapima kama mambo yako vile alivyoyaacha. Kama alilala na kitu mdomoni na sasa hakipo, kwake ni kama wewe ulale kitandani uamke sebuleni. Analia. Unaamka, unapapasa chini ya chandarua, unairudisha. Saa moja baadaye, tena. Kwa hiyo anachohitaji kujifunza ni kuingia usingizini bila nyonyo. Akiweza hilo mwanzoni mwa usiku, kuamka kwa katikati hupungua kwenyewe.

Wiki moja kabla ya kuitoa, ongeza alama nyingine za usingizi juu ya nyonyo, usiiondoe bado. Kila usiku mpangilio uwe ule ule na uchukue dakika 20 hadi 30: chakula, kuoga, mswaki, taa kupunguzwa, wimbo mmoja ule ule, kuingia ndani ya chandarua, mkono wako mgongoni ukimpigapiga taratibu, maneno yale yale ya mwisho. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa kipande cha kanga chenye harufu ya mama, kifupi kisichoweza kumzonga shingoni. Aliye chini ya mwaka asiwekewe nguo yoyote inayolegea kitandani. Mwili unajifunza: wimbo huu, mkono huu, maneno haya, ni usingizi. Siku utakayoondoa nyonyo, vitakuwa vimebaki hivyo vyote na kimepungua kimoja tu.

Kuitoa polepole kunafanyika hivi. Mwache ainyonye mpaka kasi ipungue, mdomo ukilegea na macho yakifumba, lakini kabla hajazama usingizini. Pitisha ncha ya kidole pembeni mwa mdomo kuvunja mvuto, itoe, kisha ubonyeze kidevu kwa upole ili mdomo ufunge. Akitafuta kwa mdomo, subiri ukihesabu hadi 10 kimoyomoyo. Akizidi kutafuta na kukaribia kulia, mrudishie, ngoja dakika moja, rudia. Usiku wa kwanza utarudia mara nne, tano, au zaidi. Kila baada ya usiku mbili itoe mapema kidogo. Njia hii inafaa chini ya miezi 18, na kosa linaloiharibu ni haraka: mzazi anaivuta kwa nguvu, mtoto anashtuka, na kesho yake anaishika kwa meno.

Akishalala na ikadondoka yenyewe, usimrudishie. Akiamka usiku wa manane, usikimbie kwa sauti ya kwanza. Hesabu hadi 60, maana watoto wengi hulalamika wakiwa nusu usingizini na kurudi wenyewe. Akiendelea, weka mkono. Halafu sauti. Halafu mnyanyue. Ngazi kwa ngazi, bila taa, bila simu, bila mazungumzo. Anayelala na mama na bado ananyonya atageukia ziwa, na hapo amua mapema. Kama unapenda kuendelea kumnyonyesha usiku, mnyonyeshe bila kujilaumu. Ila usiachishe nyonyo na ziwa katika wiki moja. Huo ni msiba mmoja juu ya mwingine kwa mtoto.

Aliyefika miaka 2 na zaidi anafaa kuagwa kwa siku moja. Mwambie siku 3 kabla, si mwezi mmoja kabla, kwa sentensi fupi: "Ijumaa jioni tutaiaga nyonyo. Utalala na mdoli wako, na mama atakaa hapa." Chagua Ijumaa kama mnafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, ili usiku mgumu uangukie wikendi. Aiweke mwenyewe kwenye bahasha, afunge, ampelekee bibi amtunzie, na bibi aipokee kwa heshima kama amana. Denmark wana desturi nzuri ya jambo hili: kwenye bustani ya Frederiksberg, Copenhagen, watoto hufunga nyonyo zao kwenye matawi ya mti na kuziaga, mti ukawa umejaa rangi. Kitendo cha mkono wake mwenyewe ndicho kinachosaidia. Usimwambie imechukuliwa na paka, jini au mdudu. Mtoto anayeambiwa kuna kiumbe kinachoingia chumbani kuchukua vitu ataogopa chumba, na hapo umejiletea usiku wa kukesha usiohusiana na nyonyo. Na usimwaibishe mbele ya wenzake. Aibu inamfanya aitamani zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimtuliza akiaibika.

Usiku wa kwanza jiandae kwa kilio cha nusu saa hadi saa nzima. Wa pili unaweza kuwa sawa au mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma. Kuanzia wa tatu hadi wa tano kwa kawaida kinapungua. Usingizi wa mchana huchelewa kutulia. Mtembeze au mbebe mgongoni kwa wiki hiyo. Ukirudisha nyonyo baada ya dakika 40 za kilio, mtoto hajifunzi kwamba umemhurumia. Anajifunza kwamba dakika 40 zinatosha, na kesho atafika huko bila wasiwasi. Kama huna hakika utaweza, usianze wiki hiyo. Kuahirisha si kosa.

Ahirisha pia akiwa anaumwa, wiki ya chanjo (ile ya surua na rubella ya miezi 9 na 18 huwaletea baadhi ya watoto homa siku kadhaa baadaye), mkiwa mnahama, akiwa amepata mdogo wake, au dada aliyemzoea akiwa ameondoka. Na ukishaanza, usiilaumu nyonyo kwa kila kitu. Homa hailetwi na kuachishwa nyonyo, wala kuharisha, wala kutapika. Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Anayejishika sikio na kulia akilazwa chali, atazamwe sikio.

Yapo ya kukataa kabisa, hata yakishauriwa na mtu unayemheshimu. Pilipili kwenye nyonyo inaingia machoni anapojipangusa, na inaweza kumpalia. Shubiri ya kupaka kwenye ziwa ni desturi ya zamani, lakini uchungu wa ghafla kwenye kitu cha kumtulizia unamtia hofu na kumkatalisha chakula. Mafuta ya mwarobaini ni sumu kwa mtoto mdogo. Yamewahi kusababisha degedege. Asali haifai chini ya miezi 12, na sukari au soda ya kuchovyea inaozesha meno. Kukata ncha ya chuchu ili ipoteze ladha ni ushauri unaozunguka sana mitandaoni, nao ni hatari: mpira uliokatwa huchanika, kipande kikaingia kooni. Usimpe chupa ya maziwa au juisi alale nayo mahali pa nyonyo. Umebadilisha tatizo la mpangilio wa meno kwa meno yaliyooza. Wala usimpe dawa ya mafua au ya aleji ili apitiwe na usingizi. Promethazini, kwa mfano, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kukandamiza upumuaji.

Nyumba nzima ikubaliane kabla ya siku ya kwanza. Dada wa kazi ndiye anayebeba mzigo wa mchana, basi mweleze saa kwa saa la kufanya, na umhakikishie kwamba mtoto akilia hatalaumiwa: "Dada, akilia mchukue mpeleke nje, mpe maji, mimi sitakuuliza kwa nini amelia." Bila maneno hayo atampa nyonyo ukishafunga geti tu, na atakuwa na haki. Kwa mama mkwe, omba msaada, usitoe amri: "Shikamoo mama. Tumeanza kumwachisha mjukuu wako nyonyo, naomba utusaidie kumbembeleza kwa zile nyimbo zako." Bibi aliyepewa kazi hatafuti nyonyo. Bibi aliyeambiwa tu "usimpe" ataona mjukuu anateswa.

Wiki mbili baada ya kuacha, angalia mambo matatu. La kwanza ni kidole: ukikiona kinakwenda mdomoni, usikipige wala kukifunga, mpe mkono huo kazi, na saa ya kulala mshike kiganja. La pili ni nyonyo ya mtoto mwingine, kwa jirani au kituo cha kulelea watoto. Mwalimu ajue mmeachisha. La tatu ni ile moja uliyosahau nyuma ya kochi. Ataipata siku mmeshasahau, na atakuletea akiwa ameshaitia mdomoni. Ipokee kwa utulivu, mkumbatie, itupe kwenye pipa la nje baada ya yeye kulala, na usiku huo uanze mpangilio wa kulala dakika 15 mapema.